Weusi wa nani unaosifiwa?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nyimbo za kusifia weusi, kama zile za Watamil wa kusini mwa India, zaweza kumfanya mtu aache mkorogo? Mimi naanza na swali jingine: weusi wa nani unaosifiwa?

Kwa Kitamil weusi ni karuppu. Mtu mweupe huitwa sivappu, yaani mwekundu, na wa maji ya kunde ana jina lake, maaniram. Posa zikipelekwa, rangi hizo hutajwa waziwazi. Krimu ya kung'arisha ngozi ya Fair & Lovely iliingia sokoni India mwaka 1975, na jina hilo halikubadilishwa hadi 2020.

Chukueni wimbo Karuppu Thaan Enakku Pudicha Coloru, wa filamu Vetri Kodi Kattu ya mwaka 2000. (Filamu yenyewe inahusu vijana waliotapeliwa na wakala wa kazi za Dubai, pwani yetu kisa hicho hakihitaji mkalimani.) Muziki ni wa Deva, sauti ni ya Anuradha Sriram. Jina lake tu lasema: weusi ndio rangi niipendayo. Kisha mwanamke anapanga ushahidi mmoja mmoja: mungu mweusi, sanamu lake jeusi, tembo mweusi, hata ndege mwenye sauti tamu mweusi. Hoja hizo zina mizizi. Sanamu za hekaluni huchongwa kwa jiwe la itale na kupakwa mafuta hadi zikakolea weusi, na Karuppusamy, mlinzi wa vijiji, amebeba weusi katika jina lake.

Lakini sikilizeni vizuri: anayesifiwa ni mwanaume, na anayesifu, mbele ya kamera, ni mwanamke mweupe. Ndivyo nyimbo za filamu zinavyotengenezwa kule. Mwimbaji hurekodi studio, mwigizaji akafuatisha midomo, hivyo sura huchaguliwa upya bila kujali sauti imetoka kwa nani. Mwaka 2007, katika filamu Sivaji, Rajinikanth mwenyewe, nyota mweusi wa filamu za Kitamil anayeabudiwa, aligeuzwa mweupe kwa kompyuta katika wimbo mmoja, kwa kuwa kisa kilimtaka atafute weupe ili ampate msichana.

Nilikaa kuandika nikiwa na jibu la hapana. Kilichonirudisha nyuma ni parai. Ni ngoma ya fremu ya mwarobaini, imewambwa ngozi ya ng'ombe, na hupigwa kwa vijiti viwili: kimoja kirefu chembamba, kingine kifupi kinene. Kabla ya kupigwa huoteshwa moto. Ngozi ikiwa na unyevu hulegea na mlio hufa. Moto ukizidi, hupasuka. Kwa vizazi ilidharauliwa, ikaitwa ngoma ya misiba na ya Wadalit, watu waliowekwa chini kabisa katika matabaka ya India. The Casteless Collective, kundi lililoanzishwa mwaka 2017 na mwongozaji filamu Pa. Ranjith na mwanamuziki Tenma, waliipandisha jukwaani mjini Chennai Januari 2018, pamoja na gaana, nyimbo za mitaa ya walalahoi ya mji huo, na rapu. Pale hakuna wa kufuatisha midomo. Anayeimba ndiye unayemwona.

Basi jibu langu limegeuka ndiyo, mradi mwenye sauti aonekane. Hata ule wimbo wa 2000 siutupi, maana mtoto anayetaniwa karuppu shuleni anaweza kuukariri wote na kujibu kwa tembo na kwa mungu. Kwa wasichana bado nasita. Kundi hilo lilipoanza, kati ya wanamuziki 19, mwanamke alikuwa mmoja tu, Isaivani, mwimbaji wa gaana.