Mbwa wa jirani amemng'ata mwanangu: je, nina haki ya kudai fidia?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mwanangu wa miaka 9 alitumwa na mama yake kwa jirani. Akabisha hodi, akaambiwa karibu. Kuingia tu uani, mbwa akamrukia na kumng'ata mguu. Mbwa hakuwa amefungwa, na alikwishang'ata mtu mwingine kabla. Nilipomwendea jirani kuhusu gharama za hospitali, akanijibu kuwa Mtume (s.a.w.) amesema jeraha la mnyama halina fidia. Wazee nao wananiambia nisamehe. Je, hadithi hiyo ipo? Na mama yake anauliza kama kidonda kioshwe mara saba kwa udongo.

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Pole sana, Allah amponye mtoto.

Nianze na swali la mama, maana ndilo lisilongoja. Udongo usitiwe kwenye kidonda hata kidogo. Hadithi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, imekuja kuhusu chombo alichokiramba mbwa. Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wakapimia humo na kitu kingine alichokigusa kwa mate. Lakini sheria haimwamuru mtu ajidhuru ili atoharike, na wapo wanazuoni wanaokubali sabuni mahali pa udongo. Kidonda cha mbwa huoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama mtoto hajachanjwa, funga ukurasa huu umpeleke sasa hivi. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona.

Tuje kwa jirani. Hadithi ipo na ni sahihi, Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Hurayra: "Al-ajmaau jurhuhaa jubaar," yaani jeraha la mnyama halina fidia. Jirani ameinukuu vizuri na kuitumia vibaya. Inamhusu mnyama aliyedhuru peke yake, pasipo mtu kusababisha wala kuzembea, kama ng'ombe aliyefungwa vizuri akakata kamba. Kama ingemaanisha kila mwenye mnyama hadaiwi kitu, Mtume (s.a.w.) asingehukumu alivyohukumu pale ngamia wa sahaba al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani ya watu: wenye bustani wazilinde mchana, na kinachoharibiwa na mifugo usiku ni juu ya wenye mifugo. Mnyama hana akili ya kubeba dhima. Mwenyewe anayo.

Na kwa mbwa hasa, Ibn Qudama, mwanazuoni wa madhehebu ya Hanbali, katika kitabu chake cha fiqhi al-Mughni ameliweka wazi: anayefuga mbwa mng'ataji na kumwachia, akajeruhi mtu, usiku au mchana, atadhamini, yaani atawajibika kulipa. Ila aliyeingia nyumbani bila idhini, huyo amejitakia. Akiingia kwa idhini, mwenye nyumba anadhamini. Mwanao alibisha hodi akakaribishwa. Hata kibao cha "Mbwa Mkali" getini kisingemsaidia mtu ambaye mwenyewe amesema karibu. Wamaliki, wafuasi wa Imamu Malik, hutazama kama mwenye mbwa alikwishaonywa, na jirani yako alijua, kwani huyu si wa kwanza kung'atwa. Mambo yangekuwa mengine lau mtoto angeruka ukuta.

Huenda akasema mbwa ni wa ulinzi, na kufuga wa ulinzi kunaruhusiwa. Sawa, kunaruhusiwa. Ruhusa ya kufuga haiondoi dhamana ya kuzembea. Wala asijitetee kuwa hakukusudia: kukosa nia kunamwondolea dhambi, hakumwondolei deni.

Kiasi gani? Majeraha machache yana kiwango maalumu, mfano la kichwani au usoni linalofichua mfupa, fidia yake ni ngamia 5. La mguuni kama hili halina. Hukadiriwa na kadhi au watu waadilifu wenye ujuzi, na hungojwa lipone kwanza ili ijulikane limeacha kovu au ulemavu gani. Gharama za matibabu na nauli, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona ni juu ya aliyesababisha. Tunza risiti. Usizidishe hata senti.

Kuhusu kusamehe, wazee wamenena kheri, Allah anasema katika Suratush Shura, aya ya 40, kuwa mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwake. Lakini wamesahau jambo moja. Pesa ulizotoa mfukoni ni zako, zisamehe ukipenda. Fidia ya jeraha ni mali ya mtoto, na mzazi ni mwangalizi tu wa mali hiyo. Hana ruhusa ya kuigawa bure ili apendeze kwa majirani. Basi mrudie jirani yako kwa upole pamoja na hao hao wazee, mkubaliane kiasi na muda wa kulipa. Akikataa kabisa, kwenda kwa kadhi au mahakamani si kuvunja ujirani. Kitakachopatikana kwa ajili ya jeraha kiwekwe kwa jina la mtoto.

Wallahu aalam.