Makaa yenye salfa kidogo, vumbi gumu kunaswa

SWALI: Nasoma uhandisi wa umeme. Tumefundishwa kuwa makaa ya mawe ya India yana salfa kidogo, kwa kawaida karibu asilimia 0.5, lakini vichujio vya umeme vya mitambo yake hupata taabu kunasa vumbi laini. Salfa si ndiyo uchafu wenyewe?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ni uchafu, ila kwa kichujio ina faida. Kichujio cha umeme huzipa chembe za moshi chaji hasi kwa nyaya zenye volti kubwa, kisha bamba za chuma huzinasa. Salfa inapoungua, sehemu yake ndogo huwa trioksidi ya salfa, ambayo pamoja na mvuke hulipaka jivu na kulifanya lipitishe umeme. Salfa ikipungua, ukinzani wa jivu hupanda. Ukivuka omu-sentimita bilioni 100 hivi, vumbi lililonasa kwenye bamba haliachii chaji yake. Volti hujilimbikiza ndani ya tabaka hilo hadi lipasuke kwa vicheche vinavyotema ioni chanya, nazo hufuta chaji hasi ya chembe zinazofuata. Hapo chembe hupita moja kwa moja hadi dohani. Zinazoponyoka zaidi ni za kati ya mikrometa 0.1 na 1, na hizo ndizo zinazozama mapafuni.

Mita ndiyo inayosema. Pandisha mkondo polepole: miliampea zikiongezeka huku kilovolti zikirudi nyuma, tatizo ni hilo. Lakini kilovolti zikiwa karibu na sifuri na mkondo uko juu, achana na salfa kwanza, kagua hopa, yaani faneli ya chini inayopokea jivu. Mara nyingi imejaa hadi jivu likagusa nyaya, kwa sababu hita imekufa, jivu likapoa, likavuta unyevu na kuganda mlangoni.

Mimi ningeanza na umeme wa vipindi: ruhusu nusu wimbi moja, zima kadhaa. Hakuna chuma cha kununua. Isipotosha, ingiza trioksidi ya salfa kabla ya kichujio, sehemu 10 hadi 20 kwa milioni. Usizidishe! Ziada hutoka kama ukungu wa asidi, na huo nao ni vumbi laini. Wajapani hupoza moshi hadi nyuzi 90 hivi, ukinzani ukashuka wenyewe.

Kanuni za India za 2015 zinadai vumbi lisizidi miligramu 30 kwa mita ya ujazo ya moshi kwa mitambo iliyoanza kazi tangu 2017. Kwa kiwango hicho hata nyundo zinazogonga bamba ili vumbi lianguke zina maana: zile za sehemu ya mwisho ya kichujio zigonge kwa nadra, kwani vumbi litakalotimka pale halina bamba jingine mbele.