Kupima kama wauguzi wananawa mikono: jibu kwa dada wa maternite ya Kadutu, Bukavu

Dada, umeuliza kwa nini daftari lenu la kunawa mikono linaonyesha asilimia 100 kila mwezi na bado akina mama wanapata maambukizi. Mtu akijua anatazamwa, ananawa. Ndiyo maana daftari peke yake halitoshi.

Hesabu nafasi, yaani kila mara mikono inapopaswa kusafishwa, si watu. OMS (Shirika la Afya Duniani) inataja tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuchoma sindano, baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kaa dakika 20 hivi kila mara, ukusanye nafasi 200. Kumi hazisemi kitu. Mara ambazo mikono ilisafishwa gawanya kwa nafasi, zidisha kwa 100.

Glavu ndizo hudanganya zaidi: muuguzi anavaa jozi moja, anapita kitanda hadi kitanda. Andika hapo "hakusafisha".

Mwisho wa mwezi pima alkoholi ya mikono iliyotumika: lita gawanya kwa siku za wagonjwa (jumlisha wagonjwa waliolazwa kila siku ya mwezi huo), zidisha kwa 1000. Ikiwa chini ya 20, kwanza weka chupa kwenye kila kitanda, ndipo umuulize muuguzi. Maji yakikatika, alkoholi inatosha, isipokuwa mikono yenye damu au uchafu unaoonekana: hiyo inataka maji na sabuni, kwa hiyo bidoni yenye robine isikauke.