Kayaki ya plastiki haizibwi kwa faiba

Irudishe hiyo resini dukani. Umeandika kwamba kayaki yako ina ufa wa karibu shubiri moja chini ya kiti, kwamba maji yanapenya pia kando ya matundu ya kutolea maji, kwamba ungependa kujua rangi gani itashika juu ya plastiki, na kwamba umekwisha kununua lita mbili za resini, ile gundi ya maji ya kutengenezea boti, pamoja na mkeka wa faiba, yaani nyuzi za kioo, ili uanze kazi Jumamosi. Nilipofika kwenye neno Jumamosi nilikiweka kikombe cha chai chini, kwa sababu mimi pia nilianza siku ya Jumamosi, nikiwa na resini hiyohiyo, mkeka huohuo na matumaini makubwa kuliko akili.

Kayaki nyingi za plastiki zinazouzwa kwa mkono wa pili huku Mombasa zimetengenezwa kwa polithini, ambayo ni jamii moja na plastiki ya madumu ya mafuta ya kupikia na ya yale matangi meusi ya maji yaliyo juu ya mapaa yetu. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa katika joto, na unga ukayeyuka na kuambaa ukutani mpaka chombo kikatoka kikiwa kipande kimoja kisicho na kiungo. Polithini haipendi kushikwa na kitu chochote. Mwagia dumu maji nawe utayaona yakijikusanya kuwa matone na kuteremka bila kuulowesha ukuta wake. Gundi nayo hufanyiwa vivyo hivyo, isipokuwa yenyewe hukauka kwanza ndipo iteremke. Na ikiwa huniamini mimi, itazame chupa ya hadena, ile dawa ya kuikausha, uliyouziwa pamoja na hiyo resini. Imetengenezwa kwa plastiki gani, kama si polithini hiyohiyo? Mafundi wa faiba hukoroga resini ndani ya ndoo za plastiki, na kesho yake huikunja ndoo kidogo tu, resini iliyokauka ikaruka nje kama ukoko. Wanaliona jambo hilo kila asubuhi, kisha wanakuchukulia pesa ili wakutendee lilelile kwenye chombo utakachokipanda baharini.

Hapo ndipo ninapowashwa na hasira mpaka leo. Muuzaji wa duka la vifaa nililoliendea alinitazama usoni akaniambia kwamba faiba hushika hata jiwe, nami sikuuliza jiwe lina uhusiano gani na kayaki. Akanielekeza kwa fundi wa boti za faiba, mtu hodari kabisa katika boti za faiba, ambaye aliugonga ufa wangu kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari, na kusema kwamba dawa yake ni kuikwaruza plastiki kwa msasa wa kukata ili resini ipate meno ya kuumia. Aliikwaruza saa nzima. Akaweka matabaka mawili ya mkeka, akapaka, akalainisha, na kazi ikapendeza kiasi kwamba niliipiga picha na kumtumia shemeji yangu, ambaye hajaacha kunirudishia picha hiyo kila Idi.

Kukwaruza huko husaidia kwa siku chache, na hiyo ndiyo hatari yake. Niliijaribu kayaki mara mbili katika mkono wa bahari wa Tudor, ambako maji ni ya utulivu, nayo haikuingiza hata tone. Mara ya tatu nilitoka Nyali mwezi wa Agosti, kusi ikivuma, siku ya bamvua, nikaenda kuvua karibu na mwamba huku maji yakipwa. Polithini hunepa kila wimbi linapopita chini yake. Faiba iliyokauka hainepi. Basi viwili hivyo vilivutana chini ya makalio yangu kwa muda wa saa moja hivi, mimi nikiwa sina habari, mpaka kiraka kizima kilipobanduka, kikapita kando yangu kikielea vizuri kuliko chombo chenyewe.

Kayaki ya kukalia juu ina uwazi ndani yake, na maji yakiingia humo huyaoni. Unachokihisi ni uzito, kisha mtikisiko wa pembeni usioeleweka, kwa kuwa maji ya ndani hukimbilia upande uleule unaoegemea. Nilipinduka mara tatu. Mara mbili nilipanda tena, na ya tatu nikaamua kuwa muogeleaji. Waliniokoa wavuvi wa ngalawa, na nahodha wao, mzee wa makamo aliyeifunga kayaki yangu kwa kamba pasipo kusema neno mpaka tulipokaribia ufuoni, alisema hivi: "Mwanangu, chombo hiki kimekunywa maji kuliko samaki uliowavua." Samaki sikuwa nimevua hata mmoja, lakini sikuona haja ya kumsahihisha.

Nihesabu nikuonyeshe. Resini, mkeka, hadena na msasa vilinigharimu shilingi 6,800, na fundi akachukua 4,000. Simu iliyozama ilikuwa ya 17,000, na ufito wa kuvulia pamoja na roda yake 6,500. Ongeza 900 za mirija miwili ya silikoni, kwa maana baada ya kuokolewa sikujifunza kitu, nikajaribu na silikoni pia. Jumla ni shilingi 35,200, na ufa ulikuwa umerefuka karibu maradufu kwa sababu hakuna aliyeuzuia kwenye ncha zake.

Aliyeiponya kayaki ni fundi wa kuchomelea matangi ya maji, aliyetoza 2,500 na kumaliza kabla ya alasiri. Kwanza alitoboa kwa keekee kitundu cha milimita 5 hivi kwenye kila ncha ya ufa, maana ufa hukimbia kutokea kwenye ncha yake iliyo kali, na ukikutana na duara husimama. Alitumia saa mbili kuondoa mabaki ya resini na silikoni, huku akinong'ona maneno ambayo nadhani yalinihusu. Kisha akauchimba ufa kuwa mfereji bila kutoboa mpaka ndani, akaufuta kwa spiriti, na akakata vijiti vyembamba vya plastiki kutoka ukingo wa mlango wa kayaki yenyewe, mahali pasipobeba uzito. Plastiki hii huchomelewa kwa plastiki ya jamii yake tu. Ukilazimika kutumia kipande cha dumu, yeyusha tone lake mahali palipojificha, liache lipoe, kisha ujaribu kulibandua: likitoka safi, hamna undugu hapo. Kwa chuma cha umeme kile cha mafundi wa redio, aliyeyusha kingo za mfereji na kijiti kwa pamoja mpaka vyote viwili vikang'aa kama vilivyolowa. Hiyo hutokea kwenye joto la nyuzi 120 hadi 135 hivi za Selsiasi. Ukiona moshi, ujue umekwisha kupita kiasi, na plastiki iliyoungua hukatika kama biskuti. Alizamisha pia wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, akaufunika kwa tabaka jingine, na akanikataza kumwagia maji ili kupoza haraka.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba ipo gundi maalumu ya epoksi inayoshika polithini iliyopitishiwa ndimi za moto kwa haraka kabla ya kupakwa. Ipo kweli, lakini siyo hiyo uliyonunua, na siyo hiyo atakayokuuzia yule wa jiwe. Vilevile zipo kayaki chache za polithini ya aina isiyoyeyuka tena ikishaundwa, ambayo ukiipasha joto hulegea tu bila kutiririka, kwa hiyo jaribu chuma chako kwenye ukingo uliofichika kabla ya kugusa ufa. Ikitiririka, endelea. Ikikataa, mwite fundi aitazame, na kama yeye pia atakuambia faiba, mlipie nauli arudi kwao.

Mazoea yetu ya pwani ya kutia kalafati kwenye mianya ya mbao yanatudanganya kidogo hapa. Mbao hulowa, hufura, na huubana uzi wa pamba uliotiwa mafuta, hivyo chombo cha mbao hukusaidia kukiziba. Polithini hailowi wala haifuri, na haitakusaidia kwa lolote. Kiraka hukaa pale tu kinapokuwa mwili mmoja nayo.

Ikiwa bado una risiti na hujaufungua mkebe, duka nililolifahamu mimi lilikuwa likipokea bidhaa ndani ya siku saba, na hadena walikuwa hawairudishi hata kwa machozi. Hiyo mpe jirani mwenye boti ya faiba.