Ndoto ya kujijua ni kazi ya alfajiri

Swali la wiki hii: je, mtu anaweza kujifunza kutambua kwamba anaota, huku bado amelala? Anaweza, wala si uganga. Wengi wanaojaribu huchemsha kwa sababu moja: wanafanya zoezi saa 4 usiku, wakati wa kupanda kitandani. Saa hiyo ni mapema mno.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto hukolea. Katika mzunguko wa kwanza kipindi hicho ni cha dakika chache tu, lakini kuelekea asubuhi huweza kufika nusu saa na zaidi. Anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, ndoto zake ndefu ziko baada ya saa 9. Mtego utegwe hapo.

Kabla ya mtego, daftari. Asiyekumbuka ndoto zake anaweza hata kujitambua ndotoni na asubuhi asijue. Weka daftari na kalamu ndani ya chandarua, mahali mkono unafika bila kuinuka. Ukizinduka usijigeuze wala usifungue macho. Shika kipande cha mwisho cha ndoto, kisha rudi nyuma kipande kwa kipande. Ndipo uandike, hata maneno 5. Baada ya wiki 2 utaona vitu vinavyojirudia: mtihani ambao hukuusomea, marehemu anayepika jikoni, basi linaloondoka ukiwa bado unakata tiketi. Hizo ndizo ishara zako, na hazifanani na za jirani.

Mchana kuna vipimo. Kilicho bora ni pua: ibane, funga mdomo, jaribu kuvuta hewa. Ukiwa macho haipiti. Ndotoni mara nyingi utapumua kana kwamba pua haikubanwa. Kingine ni maandishi: soma kibao cha daladala, tazama pembeni, soma tena. Ndotoni Kiboriloni huweza kugeuka Pasua, au herufi zikawa takataka. Mara 5 hadi 10 kwa siku zinatosha, lakini zifanywe kwa shaka ya kweli. Anayebana pua huku akiwaza bei ya nyanya atabana vilevile ndotoni na hatagundua kitu. Jiulize kwanza: nimefikaje hapa? Akili iliyolala hukubali chochote. Inaweza kukuonyesha kilele cha Kibo kimehamia upande wa Same, nawe ukaendelea kusubiri bajaji.

Sasa usiku wenyewe. Tega alamu saa 9 usiku, yaani muda wa saa 5 tangu ulale. Inuka, nenda msalani, kaa macho kama nusu saa ukisoma daftari lako kwa mwanga hafifu. Usifungue WhatsApp, ukishaingia kwenye kundi la ukoo, usingizi umeaga. Rudi kitandani, ikumbuke ndoto ya mwisho, kisha uicheze upya kichwani, safari hii ukiiona ishara na kusema, "Kumbe naota." Jiambie: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Mawazo yakitoroka, yarudishe. Sentensi hiyo iwe wazo la mwisho kabla hujapotelea usingizini.

Urefu wa kukaa macho ndio unaoharibu au kutengeneza. Ukirudi kitandani na kuzimika kabla hujamaliza sentensi mbili, ongeza dakika 10 usiku mwingine. Ukigaagaa saa nzima, punguza hadi 10 au 15. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba waliounganisha vipimo vya mchana, kuamka usiku na sentensi hiyo walifanikiwa kama usiku 17 kati ya 100; ila waliopata usingizi ndani ya dakika 5 baada ya zoezi walikaribia 46. Kwa hiyo usikasirike wiki ya kwanza ikipita patupu.

Siku itakapotokea, furaha ndiyo itakayokuamsha. Usianze kuruka angani. Sugua viganja, tazama ardhi, papasa ukuta; mguso huishikilia ndoto. Usikodolee kitu kimoja muda mrefu. Kuwa na jambo moja dogo uliloliamua mapema, kwa mfano kufungua mlango fulani. Na ukiona umeamka, bana pua tena: ndoto ina tabia ya kukuamsha kitandani kwako, ukavaa na kupiga mswaki, kumbe bado umelala fofofo.

Kuhusu jinamizi, maana wengi huliogopa kuliko yote. Katika kipindi cha ndoto mwili hulegezwa usitende unachoota. Macho na pumzi tu ndivyo huachwa huru. Akili ikiamka kabla ya mwili, unajikuta umebanwa, pengine na hisia kwamba kuna mtu chumbani. Hupita kwa sekunde au dakika chache. Pumua taratibu, chezesha kidole cha mguu. Safari nyingine lala ubavu, kwani kulala chali hulichochea. Ni kwa mwanya huohuo wa macho ushahidi wa ndoto ya kujijua ulipatikana: mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne, huko Hull, Uingereza, alinasa kwenye mashine ishara za macho ambazo Alan Worsley alikubaliana naye kuzitoa akiwa ndotoni.

Kuamka huku kusizidi usiku 2 kwa wiki, na uwe ule ambao kesho yake hukimbizwi. Dereva, mlinzi wa zamu na mwenye mtoto mchanga wasubiri; usingizi wao tayari una deni. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo asijaribu bila daktari wake. Kahawa ikome mchana. Mbege nayo iachwe usiku huo, kwa kuwa pombe hubana ndoto za mwanzo na kukatakata usingizi wa alfajiri, ambao ndio unaoutaka.

Umeme ukikatika na simu ikafa chaji, jogoo wa jirani au adhana ya alfajiri vitakuzindua bila gharama. Hapo hakuna haja ya kuinuka: tulia ulivyo, macho yafumbwe, rudia sentensi, na ujirudishe usingizini.

Msomaji, Moshi