Maswali yenu: Kuitembelea Mengo kwa miguu

Kaka, tuna siku moja tu Kampala, tunatoka Busia. Tuanzie wapi?

Anzieni Bulange, jengo la bunge la ufalme wa Buganda hapo Mengo, kisha mfuate barabara ya Kabaka Anjagala hadi lango la Lubiri, ikulu ya Mengo. Ni kama maili moja, imenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Bodaboda watawaita njia nzima. Wapungieni mkono tu. Kandokando kuna sanamu za miziro, yaani wanyama, samaki na wadudu ambao kila ukoo umekatazwa kula wake: chui, kamongo, hata senene. Koo za Buganda huhesabiwa 52. Mkiwa na Mganda njiani, muulizeni muziro wake, halafu mtafute pa kukaa, maana maelezo ni marefu.

Kwa nini mzunguko wa katikati ya barabara una geti?

Kwa sababu Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, hazunguki. Sisi wengine tunaupita kwa pembeni. Yeye hufunguliwa geti akanyoosha moja kwa moja kwenda Bulange. Mimi naona geti hilo linaeleza ufalme kuliko maelezo mengi ya waongoza wageni.

Dada yangu anaogopa kuingia Lubiri kwa ajili ya yale mahandaki. Yana nini?

Asilazimishwe. Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliivamia ikulu, Kabaka Muteesa II akatorokea Uingereza, akafia London 1969. Baadaye, Amin alipotawala, vyumba vya zege vilivyochimbwa kilimani viligeuzwa gereza. Maji mlangoni yalitiwa umeme ili mtu asitoroke. Ukutani bado yanasomeka maandishi ya mkaa ya waliofungwa humo. Mwenye moyo mwepesi abaki nje, langoni, autazame moto wa Kyoto Ggombolola: hauzimwi maadamu Kabaka yu hai.

Na Kasubi, tutawahi siku hiyohiyo?

Kwa miguu, sishauri. Makaburi hayo ya wafalme yapo kwenye kilima kingine, na wamelala Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010. Ikajengwa upya, na 2023 UNESCO ikaitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ipeni asubuhi yake.

Suruali kwa wanawake?

Beba leso ya kujifunga. Na ndani ya Kasubi, viatu hubaki mlangoni.