Wasomaji Wanauliza: Maji ya Kisima na Nitrati

SWALI: Kisima cha lupango (kiwanja) wetu hapa Lubumbashi kiko hatua kama kumi na tano kutoka choo cha shimo. Tulipima kwa vijikaratasi: nitrati 10, nitriti 0.3. Mtoto ana miezi miwili, anakunywa maziwa ya unga. Tukichemsha sana maji, yatafaa?
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, usichemshe sana. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini nitrati, chumvi inayotoka kwenye uchafu wa choo na kuyeyuka majini, haipandi na mvuke. Lita 4 zikipungua hadi 3, nitrati yote inabaki katika hizo 3.

Sasa soma boksi la vijikaratasi. Vingi hupima nitrojeni iliyomo peke yake, si nitrati au nitriti nzima. Kama ndivyo, zidisha nitrati kwa 4.43: unapata miligramu 44 kwa lita. Nitriti, ndugu yake nitrati, zidisha kwa 3.28: karibu 1. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 50 kwa nitrati na 3 kwa nitriti, kwa hiyo utadhani umepona. Bado. Gawa kila moja kwa kikomo chake, kisha jumlisha: 0.88 na 0.33 ni 1.21. Jumla haipaswi kupita 1. Maji hayo hayamfai mtoto huyo, kwa sababu nitriti huzuia damu kubeba oksijeni, na walio chini ya miezi sita ndio hudhurika upesi.

Klori nayo si dawa hapa: inaigeuza nitriti kuwa nitrati, na klori yenyewe inaisha kabla haijamaliza vijidudu.

Maziwa yake yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa, yaliyochemka mara moja tu, sufuria ikiwa na kifuniko. Midomo au kucha zikigeuka rangi ya samawati au kijivu, hospitali mara moja. Waambie ni maji ya kisima.

Umbali unaopendekezwa kati ya choo na kisima ni angalau mita 30, jambo gumu katika lupango zetu ndogo. Kufunika kisima na kukijengea ukingo ni kazi nzuri, ila uchafu huu unapita chini ya udongo. Pima tena mvua zikikolea, Januari.

SWALI: Kichujio cha mkaa je?

JIBU: Mkaa huondoa harufu na klori, nitrati inapita. Resini maalumu (chembe ndogo kama za plastiki) huikamata, lakini isipooshwa kwa maji ya chumvi kwa wakati, inaweza kuirudisha kwenye maji kwa wingi kuliko ilivyoingia.